Soma pedeli ya breki kabla hujapakia mzigo

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuweke pembeni kidogo mambo ya picha nzuri na maelezo ya bidhaa. Tuongelee gari. Mteja anaona tangazo lako kwenye simu, anatuma hela kwa simu, lakini mzigo wenyewe haupiti kwenye simu. Unapita barabarani, na kwa wengi wetu unapita ndani ya gari la miaka kumi na tano au ishirini ambalo lilifika bandarini likiwa limeshatumika Japani mpaka likachoka.

Mfano wangu wa leo ni Bugomora, wilaya ya Kyerwa, mkoa wa Kagera. Kyerwa ilikuwa ndani ya Karagwe mpaka 2012, wilaya zikagawanywa lakini milima ikabaki ile ile. Tuseme unauza vyombo, vitenge na nguo za watoto kupitia WhatsApp. Mzigo unauchukulia Kayanga au Omurushaka, unasambaza kwa wateja wa Nkwenda, Isingiro, Kaisho mpaka Murongo kule mtoni Kagera ambako ng'ambo ni Uganda. Kurudi hutaki gari litupu, unapakia maharage au ndizi za mtu. Ukisikiliza vizuri hapo hakuna safari ya tambarare. Kiangazi ni vumbi, mvua ikianza ni tope, na mwaka mzima ni kupanda na kushuka.

Tuanze na hesabu moja ambayo watu hawaipigi. Kila ukishuka mlima, nguvu ya gari kuteremka lazima iishie mahali, na ukitegemea breki peke yake inaishia kwenye breki kama joto. Kushuka kimo cha mita 200 ni sawa na kusimamisha gari kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa mara 8 mfululizo bila kupumzika, ukitoa kiasi kidogo kinachomezwa na upepo na tairi. Mita 200 kwa milima ya Karagwe na Kyerwa ni kawaida tu. Kwa hiyo breki ambayo Bukoba mjini ingekupeleka mwezi mzima, huku inaweza kukukimbia kwenye mteremko mmoja.

Halafu kuna uzito. Probox ile ya mizigo, ambayo ndiyo punda wetu, imetengenezwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili. Ukiweka watu watano, mzigo unashuka mpaka kilo 250. Yaani gunia nne za kilo mia, dereva na mwenzake, basi, imejaa. Sasa kumbuka mara ya mwisho ulivyopakia. Sisemi zaidi.

Sasa twende kwenye somo lenyewe. Watu wengi wakisikia breki hazishiki wanakimbilia kununua spea. Fundi anasema "badilisha pedi", unabadilisha. Tatizo lipo, anasema "masta silinda imekufa", unanunua. Bado lipo. Umemaliza mtaji wa nguo na gari halijapona. Breki ni mfumo wa mafuta: unakanyaga pedeli, masta silinda inasukuma mafuta kwenye mabomba, mafuta yanasukuma pedi zibane diski za mbele na breki shuu zitanuke ndani ya dramu za nyuma. Kila sehemu ikiharibika, pedeli inabadilika kwa namna yake. Mguu wako ndio kipimo cha kwanza, na ni cha bure.

Washa gari likiwa limesimama sehemu tambarare, kanyaga, usikilize mguu.

Pedeli inazama sana, lakini ukipampu mara mbili inapanda juu na kukaza. Hii kwenye magari yenye dramu nyuma ndiyo ninayoitaja kwanza kwa sababu ndiyo inayowaliza watu hela bure. Mara nyingi breki shuu za nyuma zimeisha, au kile kifaa kidogo cha kuzisogeza zenyewe kimejaa tope na kutu kikaganda. Shuu zinakuwa mbali na dramu, mafuta ya kanyago la kwanza yanatumika kuzisogeza tu. Dawa yake ni kufungua dramu, kusafisha, kupaka grisi kidogo pale kwenye uzi wa kurekebishia, kuangalia unene wa shuu na kurekebisha mpaka dramu ikizungushwa isikike inakwaruza kwa mbali. Gharama yake hasa ni ufundi. Anayekuuzia masta silinda kabla hajafungua dramu, muulize ameona nini.

Pedeli ni laini, unakanyaga kama godoro. Hapo kuna upepo kwenye mabomba. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea. Lakini upepo hauingii wenyewe tu, ama kuna mahali panavuja ama mafuta yalipungua mpaka chupa ikabaki tupu. Ukitoa upepo bila kutafuta ulikoingilia, wiki ijayo utarudi gereji.

Unakanyaga, inakaza vizuri, lakini ukiishikilia bila kuachia inashuka taratibu kuelekea chini. Kagua tairi zote nne kwa ndani na mabomba. Kama hakuna tone popote, basi raba za ndani ya masta silinda zimekwisha, mafuta yanapita pembeni badala ya kusukumwa mbele. Angalia pia pale masta inapoungana na busta, wakati mwingine inavujia huko nyuma na usione kitu chini ya gari. Hii ni masta kweli, na hapa hela yako inaenda mahali pake. Gari la namna hii halipakiwi mzigo hata kwa safari ya kilomita tano.

Pedeli ngumu kama jiwe, unakanyaga kwa nguvu zote na gari linasimama kwa shida. Kosa liko kwenye busta au mpira wa upepo unaotoka kwenye injini kwenda busta. Pima hivi: zima injini, kanyaga mara nne au tano mpaka pedeli iwe ngumu, shikilia chini, halafu washa. Ikizama kidogo mguuni, busta inafanya kazi. Isipozama, anza na ule mpira. Kaguliwa umepasuka au umechomoka, maana mpira ni bei rahisi na busta ni bei kali.

Gari linavuta upande mmoja ukikanyaga. Upande linakovutia ndiko breki inakoshika, kwa hiyo tatizo linaweza kuwa upande wa pili ambao haushiki. Inaweza kuwa kalipa imeganda, pini zake zimekauka, pedi imelowa mafuta au grisi, au hozi imevimba kwa ndani. Baada ya safari fupi ambayo hukutumia breki sana, sogeza kiganja karibu na kila rimu, usiguse diski. Tairi moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, breki yake haiachii. Kujua kama ni hozi au kalipa, inua tairi hilo kwa jeki na uweke stendi, halafu fungua kidogo nipeli ya kutolea upepo. Tairi likilegea na kuzunguka, mafuta yalikuwa yamenaswa, mtuhumiwa ni hozi. Likibaki limebana, ni kalipa.

Kutetemeka mguuni ukipunguza mwendo ni diski haiko sawa. Mlio mwembamba wa filimbi mara nyingi ni pedi zinakuonya kwamba zimebaki kidogo. Kukwaruza kwa chuma hakuhitaji maelezo, ni chuma kwa chuma na kila kilomita inakula diski.

Kuna dalili moja madereva wa milimani wanaizoea: taa nyekundu ya breki inawaka kwenye kona au mteremko, halafu inazima. Hendibreki umeshaachia. Maana yake mafuta kwenye chupa yamepungua, gari likiinama yanakimbilia upande mmoja. Wengi wanaongeza mafuta, taa inazima, wanasahau. Mafuta ya breki hayaliwi kama petroli. Yamepungua kwa sababu yanavuja, au kwa sababu pedi zimelika na pistoni imetoka nje kufidia. Ukijaza tu, umeifunga mdomo taa iliyokuwa inakuambia ukweli. Na siku ukiweka pedi mpya, pistoni ikirudishwa ndani, mafuta yatamwagika juu ya chupa na kula rangi ya gari.

Pedi mpya zina unene wa milimita 10 hivi. Zikibaki 3, badilisha, usisubiri ziishe kwa sababu pedi nyembamba zinapitisha joto kwa haraka kwenda kwenye mafuta. Badilisha kwa ekseli nzima, kulia na kushoto pamoja. Kubadilisha upande mmoja ili kupunguza gharama ni kujitafutia gari la kuvuta pembeni.

Nikae kidogo kwenye mafuta, maana hapa ndipo milima inapoua watu. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwa nyuzi 205 au zaidi, lakini yakishanyonya maji kiwango chake cha chini kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakishanyonya. Sasa rudi kwenye ule mteremko wa kimo cha mita 200. Umeshuka umekanyaga breki muda wote, kalipa zimechemka, mafuta ya miaka sita yanachemka ndani ya bomba na kutoa mvuke. Mvuke unabonyea kama upepo. Pedeli iliyokuwa nzima pale juu inaenda mpaka sakafuni pale chini. Gari likipoa, pedeli inarudi, fundi anapima anasema "mbona nzima?" Na wewe unaonekana umechanganyikiwa. Hapo usibishane, sema tu mafuta yamebadilishwa lini? Kama hakuna anayekumbuka, yabadilishwe. Miaka miwili ni kipimo kizuri.

Kwa hiyo usinunue mafuta ya breki ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, hata kama duka ni la shemeji. Nunua kopo dogo lililofungwa. Kilichobaki baada ya miezi kadhaa usikitunze kwa ajili ya breki. Usichanganye na DOT 5, hiyo ni ya aina nyingine kabisa japo jina linafanana. Na kamwe usiweke oili ya injini, haidroliki au dizeli. Raba zote za mfumo zitavimba, na hapo utabadilisha masta, silinda za nyuma, kalipa na hozi kwa mpigo. Na maji ya sabuni, ile dawa ya njiani? Maji kwa mwinuko wa Karagwe yanachemka hata kabla ya nyuzi 100. Ukifika nyumbani salama ni kwa sababu njia ilikuwa inapanda.

Dawa nyingine ya njiani ni kuziba bomba la tairi linalovuja ili "ufike". Gari litasimama, ndiyo, kwa tairi zilizobaki, na litavuta. Kwenye vumbi la kokoto kuvuta huko ndiko kunakogeuza gari. Mzigo ushushe, tafuta usafiri mwingine.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili na unaweza kuisimamia mwenyewe. Mmoja anakaa kwenye pedeli, mwingine yuko kwenye tairi na spana ya pete, mpira mdogo wa kuonesha ndani na chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Magari yetu ya usukani wa kulia, kwa kawaida unaanza na tairi la mbali na masta: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Baadhi ya magari yana mpangilio wake, kitabu cha gari ndicho kinachoamua. Wa ndani anakanyaga na kushikilia, wa nje anafungua nipeli, mafuta na mapovu yanatoka, anafunga, ndipo wa ndani anaachia. Akiachia kabla haijafungwa mnavuta upepo upya. Endeleeni mpaka yatoke masafi bila povu, na kila mara mchungulie chupa ya juu isikauke. Magari ya zamani msikanyage mpaka sakafuni, raba za masta zikipita sehemu yenye kutu ambayo hazijawahi kufika zinachanika. Kanyaga nusu nusu, hata kuweka kipande cha mbao chini ya pedeli ni akili.

Na lile vumbi la ndani ya dramu, usimruhusu mtu alipulize kwa mdomo wala kompresa. Lining za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na kwa macho huwezi kujua ipi ni ipi. Lowanisha kwa maji, futa kwa tambara, tupa.

Ukienda kununua spea, vitu vya chuma vya mtumba kama kalipa vinaweza kukaguliwa. Pedi na chochote cha raba usinunue cha mtumba. Na pedi mpya ya bei ya kutupa, ambayo boksi lake maandishi yamekosewa, irudishe kwenye rafu.

Kuendesha nako ni sehemu ya matengenezo. Kushuka mlima, weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka. Kama ni otomatiki, toa D, weka 2 au L, au ile gia ya chini ya gari lako. Injini ishikilie gari, breki uiguse kwa vipindi: kanyaga vizuri, punguza mwendo, achia ipoe. Kuilegezea guu juu yake kutoka kileleni mpaka bondeni ndiko kunakoichemsha. Wale wanaopiga frii kubana mafuta, habari si nzuri: gari la injini ya kisasa ya pampu ya umeme, likiwa kwenye gia na mguu uko nje ya ekseleta, linakata petroli linaposhuka. Kwenye frii injini inaendelea kunywa ili isizime. Unahatarisha mzigo na bado unapoteza petroli.

Ukipita kwenye dimbwi, ukitoka gusa breki kidogo kidogo ukiwa kwenye mwendo wa pole mpaka zikauke. Na pedeli ikikukimbia kwenye mteremko: pampu haraka haraka, shusha gia moja moja, vuta hendibreki kwa kuiongeza taratibu ukiwa umebonyeza kitufe chake ili uweze kuilegeza matairi yakifunga. Usizime injini, ukichomoa ufunguo usukani unafunga. Kama haikubali, ngema la upande wa mlima ni bora kuliko bonde. Vyombo vitavunjika, vitanunuliwa vingine.

Biashara sasa. Breki ni gharama ya kupeleka mzigo kama petroli ilivyo, kwa hiyo iwemo kwenye nauli unayomtoza mteja. Kila safari tenga kiasi, hata kidogo, kwenye laini tofauti ya simu ambayo haiguswi kwa kununua bidhaa. Kama gari si lako na umekodi dereva, kabla hamjapakia panda mwenyewe, kanyaga pedeli, fungua boneti uone chupa ya mafuta. Dereva akinuna, anune. Kibandiko cha Wiki ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo kinasema gari lilikuwa zima siku ile lilipokaguliwa, leo ni siku nyingine.

Siku ambayo pedeli imekataa, mwambie mteja mapema kabla hajauliza. Kitu kama hiki kinatosha: "Habari dada, mzigo wako upo na uko salama. Gari limeingia gereji kurekebisha breki, kwa hiyo leo halitashuka. Kesho mchana utaupata, au kama una haraka nautuma leo kwa boda kwa gharama yangu." Weka picha ya mzigo wake wenye jina lake. Wateja wa Kyerwa wanaijua njia hiyo kuliko sisi, hakuna atakayekulaumu kwa breki. Wanalaumu ukimya.

Gari likitoka gereji usilipakie siku hiyo hiyo. Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski: tafuta tambarare, simamisha polepole kutoka mwendo wa 40 au 50 kama mara kumi na tano, ukiacha nafasi zipoe katikati. Usiku tandika maboksi chini ya kila tairi na chini ya masta. Asubuhi yakaguliwe. Yakiwa makavu, kaza nati za tairi mara ya pili, angalia chupa ya mafuta iko palepale ulipoiacha, ndipo upakie.